Biringanya dirishani

Picha yangu ya kwanza ya kufundishwa haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya biringanya.

Hiyo ni 2012, Tanga mjini, Ngamiani, kwenye studio ya mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee tu, kana kwamba hakukuwa na mwingine. Mie nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayana la kusimulia, na mama aliona afadhali nikashinde kwa mzee wa watu kuliko kushinda barazani nikisuka nywele za majirani bure. Studio ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele cha pasipoti saizi: stuli, kitambaa cha bluu ukutani, kioo, na kitana kilichofungwa kamba kisiibwe. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza enzi za mikanda. Nilipofika kilikuwa na baiskeli, makarai ya dawa yaliyopasuka na dirisha lililopigiliwa mbao. Januari ya mwaka ule Kodak, kampuni ya filamu na kamera, ilikuwa imekimbilia mahakamani kule Marekani kujikinga na wadai wake, na Mzee aliisikia redioni. "Hata mie nadaiwa," alisema, "ila sina mahakama ya kunificha."

Wiki ya kwanza nilifagia na kukata picha kwa mkasi. Wiki ya pili akanituma sokoni Mgandini. "Lete biringanya moja. Jeusi, linang'aa, lisiwe limenyauka." Nikadhani ni la mchuzi wa mchana. Akaliweka juu ya stuli, akanipa kamera, akasema piga. Nikalipiga kwa flashi ya kamera, uso kwa uso. Kwenye kioo cha kamera nikaona kidoa cheupe kama punje ya mchele, na kukizunguka giza tupu lenye kikonyo.

"Hilo ni biringanya au shimo?"

Akazima flashi. Akang'oa ubao mmoja wa lile dirisha la nyuma, kisha wa pili, akasogeza stuli mpaka mwanga ukawa unaingia kutoka ubavuni. Upande wa pili akaegemeza karatasi ya manila nyeupe. "Piga tena." Safari hii mstari wa mwanga, mpana kama kidole, ulishuka kutoka kwenye kikonyo ukafuata tumbo la biringanya mpaka chini, ukififia taratibu kingoni. Upande wa manila kulikuwa na mstari wa pili, mwembamba, mdogo wake yule wa kwanza. Biringanya lilikuwa jeusi vilevile, ila sasa lilikuwa na unene, na ungeweza kukadiria uzito wake kwa macho.

"Rangi yake hujaigusa," Mzee akasema. "Umelipa dirisha la kujitazamia."

Jioni alilifunga kwenye gazeti akaenda nalo nyumbani.

Sababu zake nilizielewa baadaye, kwa kusoma na kwa kuharibu. Kitu cheusi kinameza sehemu kubwa ya mwanga unaokifikia, na ule kinaourudisha hutoka juu juu, kama kwenye kioo, ukiwa na umbo la mahali ulikotoka. Ukikipiga kwa chanzo kidogo kama flashi ya kamera, kinakurudishia kidoa kikali. Ukikiweka karibu na dirisha, kinakurudishia dirisha: mng'ao mpana, laini, unaopinda pale kitu kinapopinda. Ngozi nyeusi nayo ni hivyohivyo. Paji la uso, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, mtulinga, huko ndiko uso wa mtu mweusi unakojengwa pichani. Anayetaka kuujenga kwa kumwaga mwanga mwingi kutoka mbele atapata uso bapa kama sahani, unaometa katikati.

Nilimfanyia mazoezi mdogo wangu wa kike kwa karibu nusu mwaka, kila alipotoka shule, kwa malipo ya kashata. Nilimgeuza dirishani mpaka akajua mwenyewe: pua ikielekea dirishani, uso unajaa; ukimgeuza kidogo, shavu la upande wa kivuli linabaki na kipembe cha mwanga chini ya jicho; ukimgeuza zaidi, nusu ya uso inazama. Siku moja nilimpaka poda usoni kama wanavyofanya wapambaji, kuua mafuta. Akatoka amepauka kama aliyetoka kuchota unga. Nikamfuta, nikampaka tone la mafuta ya nazi juu ya mashavu, nikarudia palepale. Umbo likarudi. Mpaka leo nikienda kwenye kazi namwomba mpambaji asizidishe poda, na tunagombana kidogo, kwa sababu yeye anaangalia kwa macho ya ukumbini na mie naangalia kwa macho ya dirishani.

Kamera yenyewe ina ujinga wake, na ni vizuri kuujua mapema. Kipima mwanga kilichomo ndani hakijui unachopiga. Kimetengenezwa kuamini kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni ya kijivu cha wastani, kile cha asilimia 18. Mpige bibi harusi mwenye shela jeupe lililojaa fremu nzima, kamera itashtuka kuona weupe, itapunguza mwanga: shela linatoka la majivu na uso wake unatumbukia gizani. Mpige mama aliyevaa buibui mbele ya pazia jeusi, itaongeza mwanga mpaka buibui liwe la kijivu na uso uungue. Dawa ni kuibishia. Kwenye weupe mwingi naongeza hatua moja au zaidi, kila hatua ikiwa ni mwanga mara mbili, kwenye weusi mwingi napunguza hatua moja.

Mzee alikuwa na njia yake ya zamani, ya kiganja. Viganja vya watu havipishani sana rangi kama nyuso zao. Unapima mwanga kwenye kiganja, palepale anapokaa mtu, unaongeza hatua moja, basi. Njia hii haijawahi kuniangusha isipokuwa siku niliyompima bibi harusi ambaye viganja vyake vilikuwa vimejaa hina. Nikajifunza kutumia changu.

Mzee alinisimulia pia alivyokuwa akipeleka mikanda ya rangi kusafishwa, na picha za kundi zikarudi watu weusi wakiwa meno na macho tu. Akilalamika anaambiwa amekosea kupiga. Nilidhani ni visa vya uzee mpaka nilipokuja kusoma habari za zile kadi ambazo Kodak iliwapa mafundi wa maabara kwa miaka mingi ili walinganishe rangi: kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, wakaziita zote Shirley, kwa jina la yule wa mwanzo. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Na waliokuwa Kodak wenyewe wamesimulia kwamba msukumo wa kuboresha filamu zishike rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwamba bidhaa zao hazitofautishwi pichani. Nilimsomea Mzee habari ile. Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ningejiita kabati," akasema.

Alikuwa akimtaja sana Seydou Keïta wa Mali, aliyefungua studio yake Bamako 1948 na kuwapiga watu mchana, uani, akitundika nyuma yao vitambaa vya maua, mara nyingi risasi moja tu kwa mteja. Hata shuka la kitandani kwake lilifanywa pazia. Mzee alikuwa na ukurasa wa jarida la zamani wenye picha zake mbili, umeshikwa na gundi ukutani juu ya meza. Nguo zina nakshi, nyuma kuna nakshi, na bado uso ndio unaoona kwanza, mweusi, laini, hauna hofu. Kila nikisikia kijana anasema hawezi kuanza kazi mpaka apate taa, namkumbuka yule mtu na shuka lake.

Na Mzee alikuwa na daftari. Kila alipopata mwanga alioupenda aliuandika: siku, saa, dirisha upande gani, mtu amekaa hatua ngapi, mawingu au jua, namba za kamera. Hakuchora, aliandika tu, kwa mwandiko wa kalamu ya wino. Mie nilianza langu kwa kumwiga, daftari la kaunta lenye jalada jeusi. Sasa niko kwenye la nne.

Mwaka 2014 nikanunua kamera yangu, Canon 600D iliyokwishatumika, na lenzi yake ya 18-55. Baada ya miezi nikaongeza lenzi ya 50 yenye tundu pana la kupitisha mwanga, f/1.8, ambayo kwa bei yake sijaona lenzi nyingine inayostahili kununuliwa kabla yake. Kazi hazikunipa shida, kwa sababu moja tu: mie ni mwanamke. Huku kwetu sherehe za kupamba ni za wanawake watupu. Mlango ukifungwa, mabuibui yanavuliwa, nywele ziko nje, nguo ni za ndani ya nyumba, na mpiga picha mwanamume haruhusiwi hata kubisha hodi. Akina mama walikuwa wanatafuta binti anayejua kushika kamera kama wanavyotafuta mkunga.

Ila ndani ya vyumba vile mwanga ni mtihani.

Kuta za nyumba nyingi zina rangi ya mafuta, ya kijani au ya bluu, mpaka usawa wa bega. Nilikuwa nimenunua flashi ya Yongnuo na nimesoma kwamba flashi haielekezwi usoni, inaelekezwa darini au ukutani ili mwanga urudi ukiwa mpana. Nikaielekeza ukutani kwa furaha zote. Ukuta wa kijani unarudisha mwanga wa kijani, na ile kazi nzima, watu kama arobaini, walitoka kama wanaumwa nyongo. Nilikesha nikiuvuta ukijani utoke. Ukitoka usoni unabaki shingoni, ukitoka shingoni nguo nyeupe zinakuwa za waridi. Kwenye turubai la bluu uani ni habari hiyohiyo, na hapo huna hata pa kuelekeza flashi, turubai lenyewe ndilo linalompaka mtu bluu.

Tangu siku ile mkoba wangu una shuka jeupe la kitanda, la pamba, lililopigwa pasi. Nikifika natafuta msichana mmoja mchangamfu, namwambia, "Mdogo wangu, nishikie shuka hili hapa," flashi inapigwa kwenye shuka, shuka linakuwa dirisha. Palipo na dari la jipsamu jeupe, shuka silitoi. Pasipo nalo, wenyeji wanadhani nimekuja kulala.

Kosa jingine lilikuwa la safu. Shangazi watano wamekaa kwenye mkeka mstari mmoja, flashi iko karibu na wa kwanza. Wa kwanza ameungua, wa tano hayupo. Mwanga unachoka haraka kuliko watu wanavyodhani: ukienda mbali mara mbili, unabaki robo, mara tatu, sehemu moja ya tisa. Basi rudisha taa nyuma. Taa ikiwa mbali, tofauti ya umbali kati ya shangazi wa kwanza na wa tano inakuwa ndogo, na wote wanapata karibu sawasawa. Unalipa kwa kuongeza nguvu ya flashi au ISO, yaani wepesi wa kamera kuushika mwanga, lakini hakuna shangazi atakayekuuliza kwa nini yeye hakupigwa.

Kumbi za siku hizi zina taa za LED. Huko nilikutana na michirizi ya giza inayokatiza picha, mistari ya kulala, nikadhani kamera imekufa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi zinapwesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona, lakini shata yenye kasi kubwa inaona. Nikishuka hadi 1/100 au 1/50 ya sekunde, michirizi inatoweka mara nyingi. Taa za zambarau ndizo sijapata dawa yake mpaka leo. Ule si mwanga mweupe uliotiwa rangi, ni bluu na nyekundu peke yake. Ukienda kuediti, kijani cha kuunda rangi ya ngozi hakimo kwenye faili, na huwezi kuvuta kisichokuwemo. Nazigeuza nyeusi na nyeupe, nawaambia wenyewe ni mtindo.

Niharakishe habari ya memori kadi. Nilinunua moja ya bei poa iliyoandikwa GB 64 kumbe haikufika hata nane. Ilivyojaa ikaanza kuandika juu ya zilizotangulia, na nusu ya kwanza ya shughuli ikayeyuka. Nilirudisha pesa, nikaomba radhi, nililia njiani. Sasa kila kadi mpya naijaza picha za ukuta mpaka mwisho kabla ya kuipeleka kazini, kisha nazifungua moja moja.

Tuje kwenye kuediti, maana huko ndiko nilikotia aibu kubwa zaidi.

Ilikuwa 2016, kupamba kule Makorora. Bibi harusi mweusi wa kung'aa, mrefu, shingo ya mikunjo mitatu. Mikono ilikuwa imepambwa mpaka kwenye viwiko, piko jeusi likiwa mistari ya nje na hina nyekundu imejaa katikati, maua na majani madogo mpaka kwenye kucha. Wakati natoka, shangazi yake akaniita pembeni. "Mwanangu, huyu mwenzio mng'arishe kidogo, anakwenda kwa watu." Nikaitikia, "Haya, shangazi," kama ninavyoitikia kila kitu.

Usiku nikakaa na laptopu. Lightroom, programu ninayoeditia, inaigawa picha kwa rangi, na ngozi zetu, nyeusi kwa nyeupe, nyingi zinaangukia kwenye rangi ya chungwa. Ukipandisha mwangaza wa chungwa, watu wote wanang'aa kwa mara moja. Ni rahisi mno, na ndiyo maana kila anayeanza anaipenda. Nikapandisha. Uso ukawa wa chai ya maziwa yaliyozidi. Ukanipendeza, wallahi. Nikaona hina imefifia, maana hina nayo ni ya chungwa, programu haijui kama ile ni ngozi au ni kazi ya mtu, nikasema haidhuru. Nikapunguza ukolevu kidogo ili uso usiwe wa manjano, ngozi ikapauka kama goti lisilopakwa mafuta. Sasa mikono, yenye mistari ya piko imesongamana, ikaonekana ya mtu mwingine, nyeusi kuliko uso ulioko kando yake. Nikachukua brashi, nikapaka mwanga juu ya mikono yote. Piko likageuka la kijivu.

Nikapeleka albamu. Mama mtu aliifungua sebuleni, na miongoni mwa majirani waliokuja kuangalia alikuwemo yule dada aliyempaka piko. Alishika ukurasa, akausogeza mlangoni kwenye mwanga, akaurudisha.

"Nimeinama saa sita," akasema, "mgongo unaniuma mpaka leo. Wewe ukanifutia kwa dakika ngapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu zilikuwa kama mbili. Bibi harusi mwenyewe alifunua kurasa zote polepole, akasema, "Mashallah, nzuri," akafunga. Baada ya siku tatu akamtuma mdogo wake wa kiume kwangu. "Dada anaomba zile za mwanzo. Kabla hujamwosha."

Kwa bahati nilikuwa nimeanza kupiga kwa faili ghafi, zile za RAW, zinazohifadhi kila kilichoingia kwenye kamera, kwa hiyo za mwanzo zilikuwepo. Nilikaa nazo wiki nzima. Uso niliuacha na weusi wake, nikapunguza tu ukali wa kidoa cha mng'ao puani, nikafungua vivuli kidogo chini ya nyusi ili macho yapumue, nikayapa macho yenyewe nuru kiasi cha robo hatua. Chunusi mbili nikazitoa, kwa sababu chunusi ni mgeni, wiki ijayo hayupo. Alama ya kidonda kwenye kidevu nikaiacha. Vinyweleo vya ngozi nikaviacha vyote. Programu za kulainisha zinamgeuza mtu kuwa kinyago cha plastiki, na ngozi nyeusi ikipoteza vinyweleo inapoteza pia ule mng'ao wa biringanya, inakuwa rangi tupu. Albamu ya pili niliilipia mwenyewe.

Nilimpelekea Mzee zote mbili. Alikuwa ameacha kazi, macho yamepunguka. Akaniambia kwamba enzi zake walikuwa wakirekebisha negativu kwa penseli iliyochongwa nyembamba kama sindano, chini ya macho na kwenye mikunjo, mkono mzima ukiwa umebana pumzi. "Penseli ikionekana, unaanza upya na huna negativu ya pili." Sisi tuna kitufe cha kurudi nyuma, na pengine ndicho kinachotuharibu.

Bado wateja wanaomba kung'arishwa. Wananionyesha simu zao, zenye vichujio vinavyowapa pua nyembamba na kidevu cha paka, wanasema nataka kama hii. Sibishani tena. Namweka mtu dirishani na shuka upande wa pili, napiga tatu, namwonyesha palepale kwenye kamera kabla hajataja weupe. Wengi huishia hapo. Asiyeishia hapo, nampa anachotaka kwa kiasi, maana pesa ni yake na uso ni wake. Ila mikono yenye piko siigusi, hilo nalisema tangu siku ya malipo ya awali.

Kuna jambo dogo la kioo cha laptopu ambalo lingeniokolea fedha nyingi kama ningeambiwa. Nilikuwa nikiediti usiku, taa zimezimwa, mwangaza wa kioo umepandishwa mpaka mwisho. Kila picha ikionekana imejaa nuru, hivyo naipunguza. Albamu zikirudi kutoka kuchapwa ni giza, na kwa ngozi zetu giza la nusu hatua linatosha kufuta mashavu. Nililaumu mashine za watu. Sasa nimeshusha kioo hadi karibu nusu, taa ya chumba inawaka, na kabla ya albamu nachapa kwanza picha tatu za saizi ndogo: yenye shela, yenye buibui, yenye uso mweusi kuliko zote. Zikipita hizo, zinapita zote.

Mitaani kazi zangu hazionekani. Sina ukurasa wa kuonyesha, sina picha dukani. Wanawake hawa wamenifungulia mlango kwa sharti, na sharti lenyewe ni kwamba hakuna jicho la mwanamume litakaloona. Naeditia chumbani kwangu, laptopu ina neno la siri, nikishawakabidhi nawauliza nibaki nazo au nifute. Nimezoea. Wateja wananijua kwa kuambiana.

Mwaka 2021, nyumba moja Chumbageni, nilifika mapema, kabla ya wapambaji. Alasiri imeshaadhiniwa. Bibi harusi alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya kanga, nywele amezifumua zote, zimeshuka mabegani, na somo wake, mwanamke anayemfunda, anamfukiza udi. Chetezo kilikuwa sakafuni. Dirisha lilikuwa kushoto kwake, la mbao, limefunguliwa nusu. Niliomba wazime balbu ya darini, maana ilikuwa inatia manjano upande wa kulia. Mdogo wake akanishikia shuka. Moshi ulipanda ukaingia kwenye mwanga wa dirisha na humo ukawa mweupe, ukapita mbele ya bega lake, na yeye akawa anatazama makaa. Shavu lake lilikuwa na ule mstari mpana kama kidole, kutoka kwenye paji mpaka kwenye taya, na wa pili mwembamba upande wa shuka. Nilipiga moja. Moshi ukasambaa, somo akapaliwa, ikaisha.

Nilimsogelea nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Aliiangalia kwa muda, akaivuta kubwa kwa kunielekeza kidole, akaangalia jicho, akaangalia nywele.

"Nani ataiona hii, dada?"

"Wewe. Na mumeo, ukitaka."

Akaitazama tena. "Ifute," akasema.

Nikamwambia naweza kuichapa moja tu, nimkabidhi mkononi, kisha faili nilifute mbele yake. Akatikisa kichwa. Hakuwa amekasirika hata kidogo, alikuwa anatabasamu. "Nimeshaiona mie."

Nikabonyeza. Kamera ikauliza kama nina hakika, nikabonyeza tena, tukiwa wote wawili tumeinamia kioo. Wapambaji walikuwa wameshafika uani na masanduku yao.

Usiku ule niliandika kwenye daftari: Chumbageni, saa kumi na dakika arobaini, mawingu mepesi. Dirisha kushoto, hatua moja na nusu. Shuka kulia, limekunjwa mara mbili. Udi. 50 mm, f/2.8, 1/125, ISO 400. Haipo.